Treni ya Japani na Mbuzi Wanne wa Kambale

Lile behewa la kijani lililo juu ya kabati ya makufuli, dogo kama kidole changu, muliache pale pale. Najua tangu nimeacha kazi kuna mmoja wenu ameishaanza kuulizauliza kama linauzishwa. Haliuzishwi. Ni kitu cha kazi yangu, na siku nitakapolihitaji nitakuja kulichukua mwenyewe, kwa hiyo hapana kulifuta na kitambaa chenye maji.

Mumeniomba, ninyi muliobaki magazini, duka letu, niwaandikie namna tulivyokuwa tunanunua vitu zamani, kabla hamujaanza kununua kwa simu na kulia kwa simu. Bon. Ya mshahara sina la kusema, zaidi ya kwamba nilikuwa nausikia ukipita. Nitasema ya kazi.

Siku ya kwanza nilifika Butembo mjini na viatu vya misa, nikadhani nitakaa nyuma ya meza. Patroni wetu, Papa Mbusa, shemasi wa kanisa la Waprotestanti na mtu wa maneno machache, alinitazama viatu, akanipeleka depo kubeba misumari. Jioni akanipa vyombo vitatu: mizani ya mkono yenye ndoano, meta ya chuma, na sumaku iliyofungwa kwa kamba.

"Katungu," akasema, "mutu mwenye kuuzisha atakuambia hii ni shaba. Sumaku haiseme bongo, uongo haiujui."

Chombo cha nne hakikuwa kitu cha kushika. Ilikuwa kanuni, na Papa Mbusa aliipata kwa aibu yake mwenyewe. Alipokuwa kijana alileta kutoka Kampala karto nzima ya makufuli. Alipima uzito, akaweka sumaku, akanusa mafuta, yote mazuri. Kumbe ufunguo mmoja ulikuwa unafungua yote. Mtaa mzima ulijua siku mama mmoja alipopoteza ufunguo wake na jirani, kwa huruma tu, akamfungulia nyumba. Papa Mbusa alizunguka nyumba kwa nyumba akiyakusanya, na watu wakimkaribisha chai wakicheka. Tangu hapo hakununua kitu kabla hakijafanya kazi yake mbele ya macho yake. Jagi, atatia maji. Kitanda, atalala. Mimi mwenyewe nimelala katika magodoro ya nchi tatu, mchana, na viatu mkononi, wauzaji wakinisimamia.

Kisha vita ikaja, na kabla hatujamaliza kufagia vioo vya ile ya kwanza, ya pili ikaanza. Askari walibadilika, wakubwa walibadilika, lugha za kwenye bariere, vizuizi vya barabarani, zilibadilika. Watu wa Butembo waliendelea kutaka misumari, chumvi na sabuni. Na Noeli ilipokaribia, batoto walitaka kitu cha kuchezea, vita au hapana vita.

Vitu vya kuchezea tulikuwa tunavichukua kwa Kambale. Huyu alikuwa fundi wa bati, kijana mrefu mwenye vidole vya kukatwakatwa na bati, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya magazini yetu. Alifanya mirija ya kutilia mafuta, taa za petroli, masufuria ya keki, na kwa mabaki yake alifanya magari. Kazi yake safi kabisa ilikuwa treni.

Sasa mujue, Butembo hakuna treni. Haikuwahi kuwa. Kambale hakuwahi kuona treni kwa macho, aliona picha moja tu kwenye kalenda ya zamani, nayo imeliwa na panya upande mmoja. Lakini kamyo, yale malori yetu, alizijua mpaka ndani ya tumbo. Kwa hiyo treni yake ilikuwa na volani ya kuongozea mbele, mupira wa akiba kando, magunia juu, batu wamekaa juu ya magunia, mbuzi moja, bidon za njano za mafuta, na konveyeri, utingo wa gari, amening'inia nyuma kwa mkono mmoja. Mbele aliandika kwa rangi nyekundu: MUNGU ANAJUA. Unaifunga kamba, mtoto anaivuta, inapita mu matope, mu mawe, inaanguka, inasimamishwa, inaendelea. Kila Noeli zilikuwa zinaisha kabla ya bombo, zile pipi za sikukuu.

Dukani nilikuwa ninafanya kazi na Kanyere, msichana wa Beni, mwenye sauti ya chini na macho ya kuhesabu kila kitu. Alikuwa anapima vitambaa. Alinichukua kama dada yake mkubwa, na mimi nilimchukua kama mtoto wa kunitesa. Nikaanza kuona taa za petroli zinaletwa moja moja, siyo sita sita, na kila moja Kambale mwenyewe ndiye anaileta. Nikamwambia Kanyere, "Huyu, au anakupenda, au hajui kuhesabu." Akacheka mpaka akakata kitambaa vibaya.

Baba yake Kanyere, Mzee Paluku, alikuwa amefanya kazi ya reli kule kusini, mbali sana, ujana wake wote. Alikuwa mkubwa wa stesheni ndogo. Ni yeye alikuwa anasimama pembeni asubuhi na kuruhusu treni iende. Alirudi kwao Beni wakati mambo ya kule yalipoharibika, na kitu kimoja alichorudi nacho ni filimbi ya kazi, imening'inia shingoni kwa kamba nyeusi. Batoto wa avenue, wa mtaa wake, walikuwa wanamwomba aipige. Alikuwa anawajibu vilevile kila siku: "Filimbi hii ni ya kuruhusu treni. Siyo ya kuita mbuzi."

Basi Kambale alipokwenda Beni mara ya kwanza kumjulisha mzee moyo wake, nilimsindikiza mimi pamoja na baba yake mdogo. Na Kambale, masikini, kwa kusikia kwamba mzee alikuwa mtu wa treni, akambebea zawadi treni yake kubwa kupita zote.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza. Hakucheka.

"Hii ni nini?"

"Ni treni, Papa."

"Na hii?"

"Ni volani, Papa."

"Volani. Na hii?"

"Mupira wa akiba. Kama ile ingine ikipasuka."

Mzee akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka sahani ya mgonjwa. "Miye sikatae kijana," akasema. "Mbuzi kumi na mbili, kama desturi, tutapokea. Lakini miaka yangu yote nilitumika na treni. Mutoto yangu hataolewa na mutu mwenye kutia volani mu treni. Kwanza ajue treni ni nini, kisha arudie."

Njiani kurudi, juu ya kamyo, tulifika mahali tunapoanza kusikia baridi ya Butembo. Ndipo Kambale akaniuliza, "Ya Katungu, dada yangu, bila volani inakata kona namna gani?" Nikamwambia sijui. Nilisema kweli.

Mwezi ule Papa Mbusa alinituma Dubai kununua nyuzi na mashine za kushonea. Kabla sijapanda gari ya Kampala, Kambale akanifuata na pesa zimefungwa katika kitambaa. Alikuwa na mbuzi wake kumi na mbili tayari, amewaweka kwa mjomba wake kule kijijini Luofu, akiba ya miaka ya kufunga tumbo. Alikuwa ameuza wanne.

"Ukiona treni ya kweli, uninunulie," akasema.

"Wee kichwa ngumu! Na mbuzi? Mzee amesema kumi na mbili."

"Mzee amesema mbuzi kwa mdomo. Treni amesema kwa roho."

Nilimtukana kidogo, kama dada anavyotukana, nikachukua pesa.

Dubai kulikuwa na mtaa wa vitu vilivyotumika vya Japani. Redio, mashine za wali, baiskeli, na katika duka moja la Muhindi mwenye miwani, boksi la treni. Nilipofungua, nilidhani amenipa kipande tu. Kichwa cha treni kilikuwa urefu wa kidole cha kati, na mabehewa mawili ya kijani nyuma yake. Lakini jamani! Milango ilikuwa na vishikio. Ndani ya madirisha kulikuwa viti, safu kwa safu. Niliweka jicho karibu mpaka Muhindi akaniuliza kama ninasali.

Nikatoa vyombo vyangu. Mizani haikusogea hata kidogo. Sumaku ilishika magurudumu na kuacha mwili. Nikamwambia itembee. Akapanga reli zake juu ya meza, duara moja, akaunga kwenye umeme kwa transfoma yake, na ile kitu ikaanza kuzunguka, bila kelele, bila kutikisika, kona baada ya kona, hakuna mtu anaiongoza. Nikapata jibu la Kambale pale pale: haikati kona. Reli ndiyo inakata.

Sasa niwaonyeshe namna mnunuzi anavyopima, maana hapa ndipo ninyi munakosea. Bei ya ile boksi ilikuwa ya mbuzi wale wanne, barabara. Kwa pesa ile ile Papa Mbusa angechukua kwa Kambale treni za bati za kujaza kabati mbili. Ya Japani ilitaka meza sawa, reli safi, umeme, na mtu mkubwa wa kusema "usiguse." Ya Kambale ilitaka kamba na mtoto. Ya Japani ikianguka, imekwisha. Ya Kambale ikianguka, imepata mkunjo, na mkunjo unaifanya ifanane zaidi na kamyo za kwetu. Kama mnunuzi wa magazini ningesema hapana, na ningelala vizuri. Lakini siku ile sikununua kwa ajili ya magazini. Nilimfikiria Kanyere na ile sauti yake ya chini, nikapigania bei mpaka Muhindi akavua miwani. Hakushuka. Nikalipa.

Huku Butembo, chombo cha umeme cha ile treni kilikuwa kimeandikwa volti mia moja, na grupu ya patroni, jenereta yake, ilikuwa inatoa inachotaka, siku zingine kidogo, siku zingine ya kuua friji. Nikakataza mtu kuunga. Kambale akaufungua waya wa reli, akapanga betri nane za redio mstari mmoja ndani ya mrija wa bati, akagusisha kwenye reli. Treni ikatembea kwenye meza ya vitambaa. Papa Mbusa aliweka mikono mgongoni akaitazama kwa muda.

"Ni kitu kizuri," akasema. "Tusilete ingine."

Kambale aliitazama wiki nzima. Kisha akafanya treni mpya ya bati kwa kuifuata: milango, madirisha, viti vya waya, hapana volani, hapana mupira, hapana batu juu. Ilikuwa nzuri ya kushangaza na ilimkula siku nyingi kuliko treni tano za zamani. Tuliiweka kwenye kioo cha duka tuone watu watasema nini. Batoto waliitazama, wakageukageuka. Mmoja akamwuliza mama yake, "Batu biko wapi?" Hakuna aliyeitaka. Kambale akasema haidhuru, haikufanywa kwa ajili yao.

Siku ya kupeleka mali ya ndoa tulipakia kamyo: mbuzi wanane, kasiksi, pombe ya ndizi, katika bidon, mimi, Kambale, baba yake mdogo, boksi la Japani magotini mwangu na treni ya bati magotini mwake. Barabara ya Beni siku zile ilikuwa na bariere, na bariere zilikuwa na desturi yake. Mwenye mbuzi aliacha mbuzi. Tulikuwa na wanane mahali pa kumi na mbili. Tukiacha wawili watatu, tungefika na aibu tupu. Baba mdogo alianza kuomba tangu tulipoanza kuteremka.

Kwenye bariere kubwa askari alipanda, akatazama, akaona boksi langu.

"Mama, oyo eza nini?" Alitaka kujua ni kitu gani.

Nikafungua. Akaona mrija wa bati, betri zimepangwa, nyaya mbili zinatoka. Akaruka chini. "Bombe!" Bunduki zikanyanyuka zote. Nikapiga kelele kuliko wao: "Siyo bombe! Ni treni! Ni treni ya harusi!"

"Treni iko wapi huku?" akauliza mkubwa wao, akitoka kwenye kibanda na kijiko mkononi.

"Nipe meza nikuonyeshe," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nafikiri ni kanuni ya Papa Mbusa iliyosema ndani yangu: kitu kifanye kazi mbele ya macho.

Wakasogeza sahani za bugali. Kambale akapanga reli juu ya meza, kipande kwa kipande. Treni ikaondoka. Kisha askari mmoja akafanya kwa mdomo, "Puuuu!" na wengine wakaanza, na watu wazima wenye mabomu kiunoni wakapiga magoti chini wachungulie ikipita. Mkubwa alipanga risasi yake katikati ya reli apime kama treni itasimama. Ilisimama. Akaomba radhi. Kwa treni, siyo kwetu.

Mwisho akafunga hesabu. Kichwa cha treni kinabaki, reli zinabaki, betri zinabaki. "Hizi bebeni," akasema, akanisukumia mabehewa mawili. "Hazitembeye peke yake." Akanyanyua mti wa bariere yeye mwenyewe bila kutazama juu ya kamyo, maana askari wake walikuwa wanaita aje, imeanguka, irudishwe.

Tulikuwa tumepita kona mbili ndipo konveyeri alipoanza kucheka. "Mama! Mbuzi! Hawakuangalia mbuzi!" Baba mdogo akacheka, shofere aliyekuwa anatuendesha akacheka, mimi nikacheka mpaka machozi. Mbuzi wanne walinunua treni, treni imepitisha mbuzi wanane. Katika kazi yangu yote sikufanya biashara nzuri kama ile. Kambale peke yake hakucheka. Alikuwa amepoteza treni ya kweli, na magotini amebaki na bati.

Kwa Mzee Paluku watu walikuwa wamejaa. Msemaji wa upande wa binti, ndugu yake mzee, mtu wa sauti kubwa, alihesabu mbuzi mara mbili.

"Nane! Na zile ine zingine? Zilikosa treni?"

Watu wakacheka. Baba mdogo akasimama na kusema, "Ndiyo yenyewe," kisha hakujua aongeze nini, akakaa. Nikamwona Kanyere mlangoni, ameshika kitambaa chake mdomoni.

Kambale akaenda kupiga magoti mbele ya mzee. Aliweka mabehewa mawili ya kijani kwenye kiganja cha mzee. Mzee akachukua moja, akaliweka kwenye jicho, akaelekea mwangani. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Mule ndani kuna viti," akasema. "Kanyere, kuja. Kuja uone. Hivi ndivyo nilikuwa naruhusu."

Binti akaja akachungulia, shavu lake karibu na la baba yake. Hakuwahi kujua kazi ya baba yake ilikuwa inafanana na nini. Mimi nilitazama miti.

Kisha mzee akachukua ile ya bati. Akaigeuza kama mara ya kwanza.

"Volani iko wapi?"

"Nilitosha, Papa, niliiondoa. Treni haina volani."

"Ni nani alikuambia?"

"Ni weye, Papa."

Watu wakacheka tena, na safari hii mzee naye akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Sikia," akasema. "Wakati tulikimbia kule, treni ilitubeba mpaka mahali reli inaishia. Ikasimama. Hakuna mutu aliuliza kama tumefika. Kutoka pale mpaka hapa Beni nilikujaka juu ya kamyo, juu ya magunia, mbuzi ya mutu inanikojolea mu viatu vya serikali. Siku uliniletea ile treni yako na batu juu, na mbuzi, nilikasirika sana. Nilijiona pale juu." Akamrudishia. "Tia volani. Huku kwetu hakuna reli. Hiyo treni yako bila volani itafika kwangu namna gani?"

Kambale akaingiza mkono mfukoni. Volani ilikuwa pale. Aliibeba toka Butembo, mjinga yule mpenzi, bila kuniambia. Akaipachika kwa meno na koleo mbele ya wazee wote.

"Na mbuzi ine?" msemaji akauliza, maana kazi yake ni kuuliza.

"Zitakuja na treni inayofuata," mzee akasema.

Zilikuja, moja moja, miaka iliyofuata, kila moja juu ya kamyo. Lakini siku ile mzee alinipa behewa moja, akasema ni la mwenye kununua, na la pili akalitia mfukoni mwa shati.

Jua likiwa bado juu, tukampandisha Kanyere kwenye magunia, na liputa mpya ya kitenge, treni ya bati magotini. Shofere alikuwa ameishawasha. Mzee Paluku akatoka uani, akasimama pembeni ya barabara, akanyanyua mkono. Shofere, sijui kwa nini, akakanyaga breki. Mzee akatazama magurudumu ya mbele. Akatazama ya nyuma. Akatazama barabara huku na huku. Kisha akashika filimbi shingoni, akaipuliza, na hakuna kilichotoka isipokuwa vumbi. Akaifuta kwenye shati, akapuliza tena.

Ilisikika avenue nzima. Batoto wote waligeuka. Kanyere akaanza kulia kwa sauti, na Kambale akamshika kwa mkono mmoja na treni kwa mkono mwingine.

Konveyeri akainama dirishani kwa shofere. "Tunangoja nini?"

"Tulikuwa tunangoja ruhusa," shofere akasema. "Sasa mukubwa ameruhusu." Na tukaenda.